Fremu Kuukuu Mikononi mwa Fundi

Masomo: Matendo ya Mitume 13:13 na 15:36–41, 2 Timotheo 4:9–11



Mwezi huu nataka tutafakari pamoja habari ya mtu aliyeiacha kazi ya Bwana, kisha akarudi. Ni habari ya Marko, lakini ni habari yetu pia. Katika mtaa wetu wamo waliorudi, na wako wanaotaka kurudi lakini bado wamesimama nje, wakitazama kama mlango uko wazi. Ili tupate kuelewa vizuri, naomba tupite kwanza kwa fundi wa baiskeli.

Hapa Pemba hakuna asiyejua thamani ya baiskeli. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, na nyumba za watu zimetawanyika katikati ya mikarafuu na minazi. Kutoka Wete mpaka Chake Chake ni kilomita 30 hivi, na kutoka Chake Chake mpaka Mkoani ni karibu kiasi hicho hicho. Baiskeli huchukua magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, matenga ya samaki na watoto wa skuli. Katekista huipanda kwenda kumtazama mgonjwa asiyeweza kufika kanisani. Baiskeli yake ikiharibika, yuko mgonjwa ambaye juma hilo hatapata mtu wa kusali naye.

Siku hizi zaonekana kwetu baiskeli za milimani, zile za matairi mapana yenye meno, ambazo zimetumika ng'ambo kisha zikaletwa huku kuuzwa. Nyingine ni nzima, nyingine zimebaki fremu tupu. Mtu asiye na fedha za kununua baiskeli kamili hununua fremu hiyo, kisha hukusanya vipande alivyo navyo nyumbani: pedali za Phoenix ya marehemu baba, mnyororo uliotundikwa msumarini miaka mingi, gurudumu aliloachiwa na jirani. Huvitia vyote katika gunia, akavipeleka kwa fundi chini ya mwembe, akauliza: "Bwana Fundi, baiskeli itapatikana hapa?"

Fundi mwema hasemi ndiyo, wala hasemi hapana. Husema, "Weka chini kwanza, tuitazame."

Ndugu zangu, jibu hilo lina hekima kubwa, na Kanisa lingefanya vyema kujifunza kulitumia. Maana sisi, mtu aliyeanguka anaporudi, mara nyingi twakuwa na majibu mawili tu. Wengine husema upesi, "Ndiyo, yamekwisha, karibu." Wengine husema upesi zaidi, "Huyo? Hapana." Wachache ndio wanaokubali kuketi chini na kutazama.

MARKO ALIYERUDI NYUMA

Marko alikuwa kijana wa nyumba njema. Mama yake, Mariamu, alikuwa na nyumba Yerusalemu ambamo Wakristo walikutana kusali. Alifuatana na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza. Lakini walipofika Perge, katika Pamfilia, aliwaacha akarudi Yerusalemu. Mwandishi wa Matendo hakutueleza sababu. Huenda ni hofu, huenda ni uchovu, huenda ni kumkumbuka mama.

Baadaye Barnaba alitaka wamchukue tena. Paulo alikataa. Kwake Marko alikuwa mtu aliyekwisha kupimwa akaonekana hafai. Wakashindana vikali hata wakatengana. Paulo akamchukua Sila, akaenda zake Shamu na Kilikia. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro, nchi aliyozaliwa Barnaba mwenyewe. Sisi watu wa kisiwani tusisahau jambo hilo: Marko alipokataliwa bara, alipewa nafasi ya pili kisiwani.

Miaka ikapita. Paulo akiwa kifungoni, karibu na mwisho wa maisha yake, alimwandikia Timotheo aje, na amlete Marko pamoja naye, kwa kuwa Marko alimfaa katika utumishi. Ni Marko yule yule, na Paulo yule yule. Pokeo la Kanisa lasema kwamba ndiye aliyeandika Injili ya pili, na Wakristo wa Misri mpaka leo wamheshimu kuwa ndiye aliyeanzisha Kanisa la Aleksandria. Kama Barnaba naye angemtupa, tungekosa mengi.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba kuunga vitu vikuukuu ni kazi ya watu duni. Hata baiskeli ya milimani yenyewe ilizaliwa hivyo. Katika miaka ya 1970, huko Marin, jimbo la California, Marekani, vijana walitwaa fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, ambazo wengine waliona ni takataka. Wakazitilia matairi mapana, breki za namna mbalimbali na hata vishikio vya breki vya pikipiki, wakateremka nazo milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza katika njia waliyoiita Repack. Waliipa jina hilo kwa sababu grisi ya habu ya nyuma iliungua kwa moto wa breki, wakalazimika kuijaza upya kila baada ya kuteremka. Ni mwaka 1977 tu ambapo Joe Breeze, mmoja wao, alianza kutengeneza fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Vikuukuu vilitangulia, vipya vikafuata.

Sasa tumtazame fundi wetu anavyofanya kazi. Yako mambo manne ya kujifunza kwake.

KWANZA: RANGI HAIZIBI UFA

Fundi huifuta fremu matope na grisi, akaikagua kwenye maungio, hasa chini ya shingo, pale mabomba yanapokutana na bomba la usukani. Ufa mdogo hujionyesha kama uzi wa kutu katikati ya rangi. Kisha hutwaa uzi wa kweli. Hufunga ncha moja mahali pa kukaa ekseli ya nyuma, akauvuta mpaka mbele, akauzungusha shingoni, akaurudisha nyuma kwa upande wa pili. Halafu hupima nafasi iliyopo baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana imepinda, hata kama macho hayaoni. Nabii Amosi naye alionyeshwa Bwana akiwa na timazi mkononi, maana hata Mungu hupima kabla ya kutengeneza.

Tena hutwaa sumaku. Ikishika, fremu ni ya chuma, na mchomeleaji hodari aweza kuuziba ufa. Isiposhika, kwa kawaida ni alumini, nayo yataka ufundi mwingine na moto wa kipimo. Mchomeleaji wa kando ya njia hufanya vyema akisema, "Hii siiwezi, mpelekee mwingine." Nasi kadhalika. Mtu aliyefungwa na ulevi ahitaji sala zetu, lakini ahitaji na daktari. Kumpeleka huko si upungufu wa imani.

Wako wanaopaka rangi juu ya ufa. Mnunuzi hufurahi siku ya kwanza. Siku atakapoteremka kilima kwa kasi, amempakia mtoto nyuma, ndipo atakapojua kwamba rangi ni rangi tu. Ikiwa mtu alichukua fedha za sadaka, nasi tukampokea bila toba na bila kurudisha alichokitwaa, tumepaka rangi. Ikiwa mtu alimpiga mkewe, nasi tukampa mkono wa amani kanisani bila kumwuliza mke hali yake nyumbani, tumepaka rangi, na atakayeanguka kilimani ni yule mke. Zakayo alipompokea Bwana hakusema tu kwamba amefurahi, bali alisema atakachorudisha, na kiasi chake. Ndiyo maana Kanisa limetupa Kitubio, mahali pa kuifuta rangi na kuutazama ufa bila kelele za watu.

Lakini wako na wengine, wale wanaopita na mizani wakinunua chuma chakavu kwa kilo. Kwao fremu nzima na fremu iliyovunjika bei ni moja. Kanisani pia mizani hiyo ipo. Hutundikwa nje ya mlango baada ya Misa, na majina ya watu hupimwa hapo. Mwenye mizani haulizi kama ufa wazibika. Kwake mtu alianguka, basi ni chakavu.

Fundi hafanyi hili wala lile. Huuona ufa wote, naye bado ana tumaini.

PILI: JINA MOJA, VIPIMO VIWILI

Katika baiskeli, jina laweza kudanganya. Liko tairi liitwalo la inchi 26 ambalo ni la baiskeli ya milimani, na liko jingine liitwalo la inchi 26 ambalo ni la baiskeli nyembamba za zamani. La kwanza hukaa katika rimu yenye kipenyo cha milimita 559, la pili katika rimu ya milimita 590. Jina ni moja, lakini hayabadilishiki. Na gurudumu la Phoenix la inchi 28, ambalo rimu yake ni milimita 635, haliingii kabisa katika breki za fremu ya milimani. Zaidi ya hayo, baiskeli hiyo ya zamani hutumia breki za vyuma virefu vinavyovuta mpira juu kugusa rimu kwa ndani, na fremu ya milimani haina mahali pa kuvishika vyuma hivyo.

Je, gurudumu la inchi 28 lina kosa? Halina. Halikutengenezwa kwa fremu hii tu. Fundi hulirudisha msumarini, lingojee fremu yake.

Hapa twajifunza kwamba kumrudisha mtu si lazima kumrudisha katika kiti kile kile. Aliyekuwa mtunza fedha akakosa uaminifu, akitubu, na arudi mezani pa Bwana kwa furaha, na aimbe, na awatembelee wagonjwa. Lakini si rehema kumkabidhi tena ufunguo wa sanduku mwezi ule ule. Huko ni kumtia majaribuni. Hata Barnaba hakumpa Marko safari ya kuongoza, alimchukua awe pamoja naye. Kila mmoja ana mahali pake pa kufaa, na kazi ya wazee wa kanisa ni kupima, ili asiwepo wa kulazimishwa wala wa kutupwa.

TATU: NATI ZA KUSHOTO

Kila fundi ajua kwamba nati hukazwa kwa kuzungusha kulia na hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto. Lakini pedali ya kushoto ni kinyume chake. Na katika fremu nyingi za milimani, kikombe cha gololi za krenki kilicho upande wa kulia nacho ni kinyume. Kijana asiyejua hutia spana, akavuta kwa nguvu zake zote, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidi kukaza. Mwisho huongeza bomba kwenye spana, akaharibu nyuzi zote, na fremu iliyokuwa nzima ikawa haifai kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee wa kazi hutia mafuta, akaiacha mpaka kesho, kisha akaizungusha upande unaostahili. Ikalegea.

Wako watu ambao ukiwakemea mbele ya kusanyiko, wafunguka, watubu. Na wako watu ambao ukiwakemea mbele ya kusanyiko, wajifunga zaidi. Bwana wetu alijua hayo, naye katika Mathayo 18 ametufundisha kuanza kwa kumwendea ndugu peke yake, mimi na yeye tu. Mara ngapi tumeanza mwisho, kwa kutangaza, kisha tukashangaa kwamba mtu harudi? Tulimkaza wenyewe.

NNE: MNYORORO MPYA NA MENO MAKUUKUU

Jambo hili la nne ndilo ninaloomba mlisikilize zaidi.

Mnyororo wa baiskeli una nusu inchi kutoka pini moja hadi pini inayofuata. Kwa hiyo hatua 24 za pini ni inchi 12 kamili. Fundi huupima. Ukizidi inchi 12 kwa thumuni ya inchi, umechakaa, na yaelekea umekwisha kuyala meno ya giri. Sasa mtu hununua mnyororo mpya, akauvisha juu ya meno yaliyoliwa. Kwenye tambarare huenda vizuri. Afikapo kilimani, akikanyaga kwa nguvu, mnyororo waruka. Huteremka kwa hasira akisema, "Mnyororo huu mbovu, nimeibiwa." Fundi hutazama, akamwambia kwa upole, "Mnyororo ni mzima, Bwana. Meno ndiyo yamekwisha."

Wapendwa, mara nyingi ndugu hutubu kweli. Amefanya Kitubio, ameacha aliyoyaacha, amekuja kama mnyororo mpya. Lakini anaingia katika mtaa ambao meno yake ni yale yale ya zamani. Akikaa benchi, jirani asogea. Akipita, sauti zashuka. Akijitolea kufagia kanisa, wasema anatafuta sifa. Asipojitolea, wasema hajabadilika. Miezi miwili baadaye haonekani tena, nasi twasema, "Tulijua tu." Kwa kweli hatukujua lolote. Meno yetu ndiyo yaliyomrusha.

Hapa Pemba sisi Wakristo ni wachache. Twaishi kwa wema na jirani zetu Waislamu, na wengi wetu tulitoka bara kwa kazi. Tukimpoteza mmoja, hakuna kanisa jingine karibu la kumpokea. Atakaa peke yake, watoto wake watakua bila Sakramenti, na siku ya maziko yake tutakuja kuimba kwa huzuni ambayo tungeweza kuizuia. Kwa hiyo toba ya mmoja inadai toba ya wote. Marko alibadilika, ni kweli. Lakini angalieni, Paulo naye alibadilika. Aliyesema hamtaki ndiye aliyeagiza aletwe. Meno ya Paulo pia yalitengenezwa upya.

MKUNAZINI YATUKUMBUSHA

Anayesafiri kwenda Unguja na aingie Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Kanisa lile limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Humo mna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake mwaka huo huo. Mahali pa laana pamekuwa madhabahu, na mti wa kaburi umekuwa msalaba.

Na si mahali tu. Cecil Majaliwa alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na misheni Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ya UMCA kupata daraja hiyo. Yeye na wenzake hawakuwa wamekosa, bali walikosewa, na ni waovu waliowafanya kuwa bidhaa. Lakini Mungu ambaye hakukubali bei waliyotiwa sokoni, hakubali pia bei tunayomtia mtu nje ya mlango wa kanisa.

TUFANYE NINI

Fundi akimaliza kuunga baiskeli haipeleki kilimani siku hiyo. Huipanda polepole kwenye tambarare, akasikiliza. Baada ya siku chache mwenyewe huirudisha, na fundi hukaza tena nati na spoku, kwa maana vitu vilivyounganishwa upya hulegea kidogo kabla ya kukaa. Basi nasi tufanye vivyo hivyo.

1. Kila nyumba na imtaje katika sala mtu mmoja aliyeacha kuja. Tumtaje kwa jina mbele za Mungu, wala si barazani.

2. Mmoja wetu na amwendee, peke yake, bila hotuba. Amwulize hali yake na watoto wake. Mafuta kwanza, spana baadaye.

3. Akirudi, wazee wa kanisa wampe kazi ndogo iliyo kipimo chake, na baada ya mwezi wamwulize inakwendaje. Akilegea, wakaze pole pole. Kulegea mara moja si kuvunjika.

4. Na kila mmoja wetu, kabla ya kwenda kwa Komunyo, ajiulize: Je, nimemrusha nani?

Na ikiwa wewe mwenyewe unayesoma ukurasa huu umekaa mbali siku nyingi, pengine gazeti hili umeliona kwa jirani, sikia neno moja. Fundi hana ruhusa ya kuitupa fremu ambayo mwenyewe ameinunua, na wewe umenunuliwa kwa thamani kubwa, yaani damu ya Kristo. Padri si mwenye baiskeli, wala wazee wa kanisa, wala waliokusema. Mwenyewe anakudai. Njoo ulivyo, na ufa wako wote, tuketi chini tutazame pamoja.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya mikono Nazareti, utupe macho ya kuuona ufa bila kukata tamaa, na moyo wa kumpokea ndugu bila kumdanganya. Uyatengeneze meno yetu yaliyochakaa kwa maneno mabaya, upate kututumia pamoja nao waliorudi, mpaka tufike sote nyumbani kwa Baba. Kwako, pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, uwe utukufu sasa na siku zote. Amina.